Daftari Lililoanza Nyuma

Nilipofungua kasha la mama, siku chache baada ya arubaini yake, harufu iliyotoka haikuwa ya udi wala ya sandali. Ilikuwa ya chaki. Chini ya shiromani zake mbili nzuri, zile nyekundu ambazo wanawake wa Mutsamudu huvaa wakitoka, palikuwa na kopo la maziwa lenye vipande vya chaki visivyozidi ukucha, na daftari moja la shule lenye jalada la buluu. Nililifungua daftari, nikakuta kurasa tupu. Nikafungua katikati, tupu vilevile. Nikaliweka kwenye fungu la vitu vya kugawa, nikiwaza kwamba litamfaa mtoto wa jirani kwa kuchorea.

Nilikuwa nimechoka. Siku arubaini za wageni, za sinia na za dua humchosha mtu mpaka asahau mambo anayoyajua vizuri. Nilishakunja nguo zote na kuanza kufunga kasha ndipo nikakumbuka lile daftari lilikuwa la nani. Nikalirudia, nikaligeuza, nikalifungulia upande wa mwisho.

Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa ilikuwa miaka gani. Ilikuwa miaka ya wazungu wenye sare nyeusi, askari wa kukodiwa, waliosimama kwenye njia panda za Moroni na bunduki zao kama watu waliozaliwa hapo. Mimi nilikuwa na akili ya mtoto wa miaka minane. Kila mzungu niliyemwona alikuwa na bunduki na alisema Kifaransa, kwa hiyo nilidhani Kifaransa na bunduki ni kitu kimoja, na kwamba anayekisoma vizuri hakuna wa kumsimamisha. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa kusoma. Nilijiona nimekwisha salimika.

Tulikaa Moroni, mama na mimi, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko la Volo Volo. Baba alikuwa mpishi wa meli, akafa kabla sijaweza kuishika sura yake. Yeye ndiye aliyemleta mama Moroni, na hilo lilikuwa kinyume cha desturi yetu. Kwetu Mutsamudu, kisiwa kingine, mwanamke haondoki nyumbani kwake. Mume ndiye anayeingia katika nyumba ya mke, na nyumba hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Ya kwetu ilikuwa kwenye kichochoro kimoja cha mji wa kale, imefungwa, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chetu. Mama alibaki Moroni kwa sababu ya shule yangu na kwa sababu kofia zake ziliuzika. Alidarizi kofia siku nzima. Majirani walicheka lafudhi yetu ya Kindzuani, ya kisiwa chetu, naye aliwaacha wacheke, sindano ikiendelea.

Mama hakuwa mtu asiyesoma. Alihitimu msahafu chuoni akiwa msichana mdogo, na aliweza kuandika barua ya lugha yetu kwa herufi za Kiarabu, mwandiko umenyooka kama mshono wake. Lakini ofisini herufi hizo hazikuhesabiwa. Mara moja niliona karani akimsogezea fomu, mama akaandika jina lake kwa Kiarabu, taratibu, na karani akachora mstari juu yake. "Hapa tunataka sahihi, bweni, si hirizi," alisema, akimwita bibi kwa lugha yetu, kisha akamsogezea kibati cha wino. Mama akaweka dole gumba. Dole hilo lilikuwa na kovu lililokatiza katikati, la meno ya mbuzi ya kukunia nazi.

Karatasi ya kwanza ililetwa na Mjomba Halidi, kaka yake mama, karani wa bandarini Mutsamudu. Alikuja na zawadi, akala, akasifu mchuzi, kisha akatoa bahasha na kibati chake mwenyewe cha wino.

"Dada, weka dole hapa. Mambo madogo ya shamba lako kule kwetu."

"Kwanza nisomewe," mama alisema.

"Si unaye msomi humu ndani? Zaliha! Njoo umsomee mama yako."

Nilisimama, mgongo wima, nikasoma kwa ile sauti ya darasani. Mjomba alipiga paja. "Sikia Kifaransa hicho! Huyu atakuwa waziri huyu!" Mama alikuwa akinitazama na sindano imesimama. Sikuwahi kuiona imesimama hivyo.

"Sasa sema kwa lugha yetu," alisema.

Nilijua neno la bustani. Nilijua neno la kaka. Maneno yaliyobaki yalikuwa marefu, nilikuwa nimeyatamka bila kujikwaa, na sikujua hata moja lilikuwa na nini ndani yake. Nikamtazama mjomba usoni. Alitabasamu, akatingisha kichwa kidogo kama mwalimu anayemsaidia mtoto ubaoni.

"Inasema shamba la mikarafuu... Mjomba atalitunza."

"Atalitunza?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya familia."

"Mtoto ameelewa kuliko makarani wenzangu," mjomba alisema. Uongo wa karatasi ile hakuutamka yeye. Hakuhitaji.

Mama akaweka dole.

Idi ilipofika tulikwenda Mutsamudu kwa meli ya mizigo, tukafungua nyumba, tukafagia, na siku ya pili mama akapanda nami shambani. Tulikuta watu tusiowajua wako juu ya mikarafuu yetu, wamefunga magunia viunoni, wanachuma. Mwenye kuwasimamia alikuwa mtu wa adabu. Alituamkia, akatukaribisha maji, kisha akaingia kibandani na kutoka na karatasi. Alisema ameuziwa na kaka wa mwenye shamba, na dada mtu alikwisha kumwachia kaka yake haki yote. Mama hakuweza kusoma mistari. Alishusha macho mpaka chini, kwenye alama ya zambarau, akaona kovu limeikata katikati.

"Hiki ni kidole changu," alisema. "Mniwie radhi kwa kuwasumbua."

Tukaanza kuteremka. Nilisubiri kofi. Nilisubiri hata kelele, nilizihitaji. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa mbaya. Mama alisema jambo moja tu mpaka tunafika mjini: "Nishike mkono, kuna utelezi."

Baada ya hapo hakunipa tena kitu cha kusoma. Zamani nilimsomea karatasi za hospitali, barua za shule, hata maandishi ya kwenye makopo. Sasa karatasi iliyoingia ndani aliikunja, akaiweka kwenye bati la biskuti, na huko ikakaa. Mimi nilihesabu karatasi zile kama adhabu. Kisha, kila siku baada ya swala ya alasiri, akaanza kutoka na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nikimuuliza anakwenda wapi, anasema kushona. Lakini kushona alikuwa akishonea nyumbani miaka yote.

Nikamfuata. Hakwenda mbali. Aliingia ua wa Ma Mariama, mwanamke mnene wa Kingazidja, mwenyeji wa kisiwa kile, aliyeuza samaki Volo Volo na ambaye sauti yake ilijulikana mitaa mitatu. Nilichungulia penye ufa wa uzio wa makuti. Wanawake wanane walikaa mkekani, kila mmoja na kofia ambayo haijaisha mapajani. Chini ya kila kofia palikuwa na kibao cha kuandikia. Mbele yao alikuwa kijana mwembamba, fundi kama tunavyowaita walimu kwetu, ameshika chaki iliyobaki kipande.

Huyo alikuwa Fundi Saindu, wa shule ya msingi ya mtaani. Nilikuja kujua habari zake baadaye. Chini ya serikali iliyoangushwa wazungu wale walipoingia, vijana wa shule walitumwa kuwafundisha watu wazima kusoma lugha yetu kwa herufi za Kizungu, naye alikuwa mmoja wao. Serikali ilipoanguka masomo yakafa, na vitabu vyake watu wakavifukia au wakavitumia kuwashia moto. Yeye alibaki na kimoja. Hakuna aliyemwambia aendelee, na hakuna aliyemlipa. Chaki alizikusanya sakafuni shuleni kwake watoto wakishaondoka. Aliwaambia wanawake wale, "Mkiulizwa, mnashona."

"Na wewe fundi, ukiulizwa?" Ma Mariama alimtania. "Utasema umekuja kupimwa kichwa?"

Msaada wote waliokuwa nao ulienea kwenye mkeka ule: kitabu kimoja, vibao, chaki za kuokota na miwani moja. Miwani ilikuwa ya marehemu mume wa Ma Mariama, imefungwa uzi pembeni, nayo ilizunguka. Bibi mmoja, Koko Fatima, alikaa wiki tatu akiitwa mgumu wa kuelewa, mpaka siku alipovalishwa miwani akapiga kelele: "Kumbe zina mikia!" Tangu siku hiyo hakuiachia kwa urahisi. "Koko, leta macho, na wenzako wana haja," Ma Mariama alimwambia, na yeye: "Subiri kwanza, nimo katikati ya neno."

Shida ya mama ilikuwa nyingine. Mkono wake uliianza kazi kutoka kulia. Fundi alimpa daftari, mama akaligeuza na kulifungua nyuma, kama msahafu unavyofunguliwa, akaandika kuanzia ukurasa wa mwisho. Mistari alijilazimisha kuianza kushoto, lakini kurasa hazikukubali.

"Bweni, daftari linaanzia huku," fundi alimwambia kwa upole.

"Najua, fundi. Mkono umeshazoea njia yake. Acha herufi ziende kwenu, kurasa ziende kwetu."

Wakacheka wote. Mimi nyuma ya makuti sikucheka. Nilielewa jambo moja tu, na nilielewa vibaya: mama anajifunza kusoma ili asinihitaji tena.

Alinigundua siku hiyohiyo. Hakunikemea, alinipa kikapu nibebe. Tangu hapo nikawa naketi pembeni ya mkeka, nikiwatazama watu wazima wakitoka jasho kwa herufi nilizojifunza kwa wimbo. Walikuja wakiwa wamechoka. Walikuwa wameamka alfajiri, wameteka maji, wamesimama sokoni, na vichwa vyao viliinama kabla fundi hajafuta kibao. Mmoja alisinzia na chaki mkononi. Mwingine aliacha kuja kwa sababu mumewe alimuuliza anamwandikia nani. Walichojua jana, leo walikuwa wamekipoteza, wakakianza upya bila kuona haya mbele yangu. Mimi ndiye niliyeona haya kwa ajili yao, kisha kidogo kidogo nikaacha.

Siku moja somo lilihamia Ikoni, mji wa jirani, kwa kuwa Ma Mariama alikuwa kwao huko kwa harusi ya binti wa dada yake. Wakati wa kurudi tulikosa teksi, tukatembea, na kabla ya kuingia mjini tukakuta kizuizi. Askari mweupe kijana, shingo imeungua jua, akatuashiria tuweke kikapu chini. Akainua kitambaa, akatoa kofia, akatoa daftari. Kurasa zaidi ya thelathini za daftari lile zilikuwa zimenakiliwa kutoka kitabu cha serikali iliyoangushwa. Hata mimi nilijua kwamba karatasi kama hizo zilikuwa zimewapeleka watu ndani.

Alilifungua daftari. Alilifungua mbele, kama wao wanavyofungua. Akaona weupe. Akapitisha kidole kurasa tatu nne, weupe, akaniuliza kwa Kifaransa mbona halina kitu.

Nikamfasiria mama. Maneno haya niliyajua.

"Mwambie bado sijajua kuandika," mama alisema.

Nikamwambia. Askari akacheka, akalitupia kikapuni, akatupisha. Tulipofika mbali mama akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akaweka kikapu magotini. "Umefasiri vizuri," alisema. Nilisubiri aongeze neno. Alisimama, tukaendelea na njia.

Mjomba Halidi alirudi siku ya Ijumaa, kabla ya swala. Safari hii karatasi ilikuwa ya nyumba. Alieleza kwamba nyumba iliyofungwa huliwa na mchwa, kwamba mjini wanataka kujua nani anaishughulikia, kwamba ni dole moja tu na mambo yatakwisha.

"Iache hapa," mama alisema. "Nenda kaswali. Ukirudi utanikuta."

Mjomba alishangaa kidogo, akaiacha, akatoka. Mama akakaa mkekani na karatasi mbele yake. Hakuniita. Baada ya muda akachukua daftari lake, akanipa mgongo, akaandika kitu kwa muda mrefu. Nilipojisogeza alilifunika kwa kiganja. Nikatoka nje nikakaa kizingitini, na moyo ulikuwa mzito kuliko siku ya kule shambani. Hata sasa, nikafikiri, hata kwa nyumba, hanitaki.

Mjomba aliporudi mama alimtilia chai, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza kuisoma kwa sauti. Sijapata kusikia kusoma kama kule. Alitamka kila herufi, hata zile ambazo Kifaransa huziandika kisha hakizisemi. Silabi moja, pumzi, silabi nyingine. Ilichukua muda wa kuivisha chungu cha wali. Mjomba mwanzo alitabasamu, kisha akakohoa, kisha akachoka.

"Dada, unaitafuna kama mbuzi anavyotafuna kamba. Haya, umemaliza. Umeelewa nini?"

"Sikuelewa hata neno."

Ndivyo ilivyokuwa. Miezi yote ile alijifunza kusoma herufi zao katika lugha yetu, na karatasi ilikuwa katika lugha yao. Alikuwa amefungua mlango akakuta ukuta. Niliyaona mabega yake yakishuka, na nikadhani kila kitu kimekwisha.

"Basi mwache mtoto akusomee kama zamani," mjomba alisema, akanipungia mkono. "Waziri wangu, njoo."

Nikaja. Nikaiangalia karatasi. Yalikuwa maneno yaleyale marefu ya karatasi ya kwanza, yamejipanga yakinisubiri. Mjomba akanitazama na kutingisha kichwa kidogo, kama siku ile.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini? Si Kifaransa hicho?"

"Sijui maana yake. Na ile ya kwanza sikujua. Nilisema tu."

Mama hakunigeukia. "Najua," alisema. "Ulikuwa mtoto." Kisha akaiweka karatasi katikati ya mkeka, akaweka kidole chenye kovu juu yake, si kwenye nafasi ya wino bali kwenye mistari. "Halidi, nimesoma majina. Majina yana lugha moja. Jina lako limo mara nne. Langu limo mara moja, huku chini, karibu na pa kidole. Jina la Zaliha nimelitafuta kuanzia juu mpaka mwisho. Halimo. Nyumba ya mwanamke wa Mutsamudu, na binti yake hatajwi. Hiyo ni karatasi gani?"

"Unanituhumu mimi? Ndugu yako wa ziwa moja?"

"Sikutuhumu. Nasoma."

Mjomba alikaa akitazama viatu vyake pale mlangoni. Chai yake haikuguswa. Mwisho alikunja karatasi, akakifunga kibati cha wino, akatoka bila kuaga. Walikaa miaka mingi hawasemezani, na mama alimlilia ndugu huyo zaidi ya alivyolilia karafuu. Kama kuna anayedhani kulikuwa na ushindi siku ile, hakumwona mama akiosha vikombe.

Ningependa kuandika kwamba somo liliendelea. Kwa muda mrefu nilisimulia kwamba askari walilivunja, kwa kuwa ndivyo hadithi ya miaka ile inavyotakiwa kuwa. Haikuwa hivyo. Msimu wa harusi kubwa ulifika na wanawake wakawa na kazi ya kupika na kushona. Koko Fatima akaugua. Fundi Saindu akapata kazi kisiwa kingine, naye alikuwa na mama aliyemtegemea. Alasiri moja walikuja watatu, iliyofuata hakuja mtu. Ma Mariama alirudisha miwani ndani. Hakuna aliyewafunga. Walichoka, na hapakuwa na mtu wa kuwapokea pale walipochokea.

Mama alibaki na herufi na majina, basi. Hospitalini aliendelea kuuliza wenziwe. Mimi nilikua, nikasoma mpaka nikamaliza, nikaingia kazi ya habari, na kazi hiyo imekuwa kusoma karatasi za wakubwa na kutafuta jina ambalo halimo. Sikumwambia kamwe nilijifunzia wapi. Nilipoanza kupokea mshahara alifunga virago, akarudi Mutsamudu, akaufungua mlango kwa ufunguo wa kwenye msumari. Nami nilikuja kila Idi, nikala, nikalala, nikaondoka na meli au ndege ya kwanza.

Sasa nimekaa chini katika chumba chake na daftari limefunguliwa upande wake. Kurasa za mwanzo ni silabi. Zinafuata sentensi za kitabu cha fundi, kisha majina: lake, la baba, langu, langu tena, ukurasa mzima wa langu. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ni wa siku ile ya Ijumaa. Ameandika maneno matano marefu ya Kifaransa, yamenakiliwa kutoka karatasi ya nyumba, herufi kwa herufi, bila kosa. Ndiyo maneno niliyojifanya kuyajua. Kando ya kila moja ameacha nafasi, na juu ya nafasi hizo, kwa ule mwandiko wake mzuri wa Kiarabu ambao karani aliuita hirizi, ameandika mstari mmoja: Zaliha akikua, aniambie.

Hakuniuliza. Labda aliona nina haraka kila nilipokuja. Maneno yote matano nayajua. Nimeyajua tangu nikiwa msichana wa shule ya sekondari. Nikayasoma kwa sauti, moja moja, na maana yake kwa lugha yetu. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuvaa viatu.